Nyota wa Norsborg Aliyekataa Kuanguka

Jumatatu, 6 Oktoba

...na ndiyo maana nasema mabega ya namna ile hayakuumbwa kwa ajili ya kubeba piano za watu. Jana niliishia hapo, usingizi ukanikamata. Leo naendelea.

Mume wangu. Neno hilo bado naliandika polepole ili nilifaidi. Mume wangu Clovis kazi yake ni kuhamisha piano. Kutwa anapanda na kushuka ngazi za Stockholm na piano mgongoni, jioni anarudi kwetu Norsborg ananukia vumbi na mbao za kale, na jambo la kwanza ananiuliza kama nimekula. Tulifunga ndoa Agosti. Mpaka leo nikimwona akivua ule mkanda wake wa mgongo nasahau nilichokuwa nakipika. Wali umeungua sana katika nyumba hii. Silalamiki.

Jana tulitazama kipindi cha maisha ya Max Sixten. Yule wa Hollywood, anayeruka kutoka kwenye helikopta na shati halikunjiki. Nilidhani ni Mmarekani. Kumbe jina lake ni Sixten Malmkvist na amekulia Akalla, mwisho wa reli ya bluu. Akalla! Nina shangazi Akalla. Huyo Max alikuwa mlinzi wa mlango wa disko. Akabadili jina. Akajifunza kuanguka. Katika filamu yake ya kwanza alionekana muda wa kupiga chafya tu: anapigwa ngumi, anadondokea meza, basi. Katika ya pili ngumi akapiga yeye. Baada ya hapo, majumba yenye bwawa.

Nikamtazama Clovis. Amesinzia begani kwangu, mdomo wazi kidogo, mzuri kuliko huyo Max na helikopta yake. Kutoka Akalla mtu amefika Hollywood. Kutoka Norsborg kuna ubaya gani? Tena reli yetu nyekundu ni ndefu kuliko yao.

Sasa habari yenyewe. Max Sixten amerudi Stockholm kupiga filamu, na wanatafuta wale wanaoitwa hapa statister, watu wa kujaza picha nyuma ya nyota. Asubuhi nimetuma picha mbili za Clovis, ile ya ufukweni na ile akinibeba siku ya harusi. Yeye hajui. Nitamwambia jina likishaitwa.

Kuna sababu nyingine pia. Mama mkwe wangu, Mama Perpétue wa Tumba, bado hajala kwangu. Kwetu mama wa mume ndiye anayefungua jiko la bibi arusi. Anakuja, unampikia, anakula, anasema jiko linawaka, na tangu hapo wewe ni mke. Kabla ya hapo wewe ni mgeni tu aliyehamia kwa mwanawe. Alisema atakuja kabla ya Oktoba kwisha, akiona nimetulia. Kwa wamama wa kanisani ananiita mke wa picha, ati siku ya harusi tulipiga picha mpaka wali ukapoa. Sawa. Siku jina la mwanawe litakapoandikwa kwa taa atakuja mbio, na sufuria yake mkononi.

Jumanne, 7 Oktoba

Mazoezi yameanza. Nimemwambia Clovis nimesikia redioni kwamba kuanguka kunalainisha mgongo. Akaamini. Anaamini kila ninachosema, ni mojawapo ya sababu za kumpenda.

Tukashuka kwenye chumba cha kufulia cha jengo. Nikatandika matandiko yote, yaani mablanketi, mito, na lile shuka zito la shangazi. Nikamwambia aanguke. Hakuanguka. Alijishusha. Magoti kwanza, mgongo wima, jicho linakagua sakafu, kama anaweka piano ya mjane. Nikamwonyesha mimi. Nikaumia kiwiko. Nikamwomba asimame nimsukume. Kumsukuma Clovis ni kama kusukuma kituo cha tunnelbana, treni ya chini ya ardhi. Akanibusu kwenye paji la uso akauliza kama mgongo umeshalainika.

Mara akaingia bibi wa ghorofa ya pili na kapu lake. Saa yake ya kufua ilikuwa imeanza. Katika nchi hii utasamehewa mengi, lakini si saa ya kufua ya mtu mwingine. Alitutazama mimi nikiwa nimeng'ang'ania kiuno cha mume wangu juu ya mablanketi, akasema kwa Kiswidi, taratibu sana, kwamba kuna vyumba vingine kwa mambo hayo. Jioni karatasi ikabandikwa mlangoni kwa wakazi wote. Nimeibandua. Sixten naye alianza kwa kudharauliwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Amechaguliwa. Nimelazimika kukaa chini kwanza.

Kijana anayeitwa Filip, ndiye anayekusanya statister, alinipigia nikiwa kazini, jikoni kwenye shule, mapumziko ya chai. Akasema wamezipenda picha. Clovis atakuwa mlinzi wa adui. Atasimama juu ya ngazi, Max Sixten atapanda mbio, atampiga ngumi ya uongo, Clovis ataanguka. Siku ni Jumanne. Nikamuuliza Filip kama ngumi moja inatosha kwa mtu mwenye kipaji. Akasema tuanze na moja.

Nilimwambia Clovis baada ya samaki, na samaki nilimpa mkia na kichwa vyote viwili. Akasema yeye hajawahi kupigwa tangu darasa la tatu, na hata siku ile lilikuwa kosa la mwenzake. Akauliza kwa nini redio haikusema kuhusu filamu. Nikamwambia namwona mbali. Akaniangalia na yale macho yake, akasema kama jambo hili linanifurahisha, basi Jumanne ataomba ruhusa. Nani mwingine ana mume kama huyu? Hakuna. Nimeuliza.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani. Baada ya matangazo nikaomba nafasi, nikatangaza.

Inabidi nieleze kuhusu Léontine, kwa sababu huwezi kuelewa utamu wa leo bila yeye. Léontine anaimbisha kwaya. Mume wake Melchior aliwahi kupigwa picha kwa tangazo la daktari wa meno, likabandikwa ubavuni mwa mabasi. Meno ya Melchior yalizunguka Botkyrka nzima msimu mmoja wa baridi, na tangu siku ile Léontine hatembei, anapita. Ukimwambia mtoto wako amepata alama nzuri, anakuambia mume wake akitabasamu basi husimama.

Leo nilimwona akimeza mate. Kisha akanyanyuka, akasema anampongeza Dada Gaëlle kwa moyo wote, ila aeleweshwe kitu kimoja: mtu akipigwa, ameigiza nini? Watu wakacheka. Melchior naye akacheka, kwa meno yote. Nikamjibu kwa upole kwamba kuna wanaoanza kwa kupigwa wakafika mbali, na kuna walioanza na meno wakaishia basi la Hallunda.

Ningeshinda, ila Mama Perpétue alikuwa safu ya mbele. Hakugeuka hata kunitazama. Aliongea na madhabahu. "Mtoto huyu nilimtoa kwenye vita nikambeba mgongoni," akasema, "ili aje huku apigwe na Mzungu kwa hiari?" Nje, kwenye maegesho, akamwambia Clovis kwamba alikuwa amefikiria kuja kwetu Jumamosi, lakini nyumba ambamo mwanamume anapigwa ili mke afurahi, yeye hana haraka nayo.

Clovis amekuwa mnyonge njia nzima. Nimemshika mkono. Mama ataelewa akiiona filamu. Wamama wote wa nyota huelewa mwishoni.

Jumanne, 14 Oktoba

Mimi sikuruhusiwa ndani. Nilisimama nyuma ya utepe, kwenye jumba moja la zamani karibu na maji, na thermosi ya chai ya tangawizi. Haya ni maneno ya Clovis na ya Filip niliyoyaunganisha.

Wakamvalisha suti nyeusi. Filip anasema alipotokea juu ya ngazi watu wa taa wenyewe waligeuka. Najua. Mimi mwenyewe niligeuka hivyo hivyo, kwenye harusi ya binamu yangu, nikakosana na mchumba niliyekwenda naye.

Max Sixten akapanda mbio. Akarusha ngumi. Kumbe kwenye ngazi ya mwisho kiatu chake kinateleza, anayumba nyuma. Na Clovis akamdaka. Mtu anayebeba piano kila siku, kitu kizito kikiyumba kwenye ngazi mbele yake, mikono inakwenda yenyewe kabla ya kichwa. Alimkumbatia Max Sixten, akampinda kidogo, akashuka naye hatua moja, akamweka chini salama. Hata akamgusa begani kuhakikisha hatikisiki.

Wakarudia. Safari hii Max hakuteleza, lakini alipoinama kurusha ngumi Clovis alimwona kama anataka kuanguka. Akamdaka. Wakarudia tena. Akadaka. Mwongozaji akamweleza kupitia Filip kwamba yeye ni adui, adui hadaki. Clovis akasema amefahamu kabisa, akaomba radhi kwa wote, akaenda juu, akamdaka. Filip anasema Max Sixten alicheka mpaka poda ikammiminika, akasema miaka yote kwenye kazi hii hakuna aliyewahi kumshika vizuri namna ile.

Basi wakabadili. Ngumi akapewa mlinzi mwingine. Clovis wakamlaza juu ya sakafu ya marumaru, mlinzi aliyekwisha kufa. Na hapo, anasema Filip, aling'ara. Hakuna aliyewahi kuona maiti tulivu vile. Alikuwa ameamka alfajiri kubeba piano moja huko Solna kabla ya kuja, kwa hiyo alilala usingizi. Walimsimamisha mara moja tu, alipoanza kukoroma.

Maiti. Katika filamu ya Hollywood. Mbele kabisa ya kamera, uso wote unaonekana. Max Sixten mwanzo wake ulikuwa nusu ya uso na meza.

Jumatano, 15 Oktoba

Asubuhi, haraka haraka kabla ya kazi.

Nimegundua kinachokosekana. Umaarufu. Katika kile kipindi walionyesha: kabla ya kila filamu ya Max Sixten, mji mzima ulibandikwa picha yake isiyo na rangi. Uso na jina, basi. Hakuna maelezo, kwa sababu nyota hajielezi.

Nimechukua picha ya Clovis ya harusi. Suti nyeusi, macho yanatazama mbali (alikuwa anatafuta tulikoegesha gari). Nimeondoa rangi. Pembeni nimeweka waridi, maana ni mume wangu, na mishumaa miwili inayowaka, maana mapenzi yetu hayazimiki. Chini nimeandika kwa herufi za kupinda: Clovis Mwamba. Halafu ule uso mdogo unaotoa machozi, kwa sababu kweli nililia kidogo kwa furaha.

Nimeituma kwenye kundi la familia, kundi la kwaya, na kundi la watu wa mji wetu wa Uvira walioko Sweden. Nimeiweka status pia. Ni nzuri mno. Mama Perpétue akiiona, moyo utalainika. Simu naiacha kabatini, jikoni shuleni haziruhusiwi. Nitarudi jioni nikute nini, sijui. Pongezi, bila shaka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Niandike yote, tena kwa mpangilio.

Jana jioni ngazi za jengo letu zilijaa viatu. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji, kwa hiyo sikujua lolote. Nikaona viatu nikajua: wamekuja kumpongeza. Nikaona vile viatu vyeusi vya Mama Perpétue, vyenye kibandiko kisiginoni. Amekuja! Mlango ulikuwa wazi. Clovis alimpa mama yake ufunguo wa akiba siku tuliyohamia, na hakuwahi kuutumia mpaka jana.

Nikajipangusa uso, nikaingia na tabasamu langu la harusi.

Sofa yetu ilikuwa imetolewa nje, iko kwenye baraza ya ghorofa. Godoro letu lilikuwa sebuleni, chini. Viti vya plastiki vya kanisa vimepangwa ukutani, na wanaume wamekaa wameshika tama. Jiko langu lilikuwa linawaka, na aliyeliwasha ni Léontine, na sufuria ya maharage. Kabla ya mama mkwe wangu. Jiko langu!

Nikajizuia. Nikasema kwa sauti kwamba nawashukuru wote, sikujua Clovis anapendwa namna hii, na Mama, karibu sana, umenifurahisha kuliko siku ya harusi. Mama Perpétue alikuwa kwenye godoro, kilemba kimemdondoka, analia kwa ile sauti ya kwetu inayoanzia miguuni. Aliponisikia akainua sauti zaidi. Nikasema jamani, machozi ya nini, huu ni mwanzo tu, ngojeni Wamarekani wamchukue. Mzee mmoja akafunika uso. Léontine akanishika mabega, akaniambia taratibu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue bila kejeli: "Dada yangu, usijizuie. Kaa. Lia." Wakanifunga kitenge kichwani, wakanikalisha.

Hapo Melchior akanionyesha simu yake. Clovis. Clovis kwenye status ya Melchior, Clovis kwenye status ya mchungaji, Clovis kwenye status za watu Uvira ambao siwajui, Clovis na mishumaa yangu, na chini yake watu wameandika pumzika kwa amani, kijana wetu.

Kwetu picha isiyo na rangi, yenye jina na mshumaa, ina maana moja. Mtoto mdogo anaijua. Mimi pia naijua, nimeshaziweka kwa wajomba. Jana asubuhi niliisahau. Mtu akipenda sana hana nafasi ya kukumbuka kila kitu.

Walikuwa wamempigia Clovis mchana kutwa. Simu yake huiacha kwenye lori, tangu siku alipoitikia moja huku amebeba. Na jana alikuwa Uppsala.

Nilikuwa nimefungua mdomo kueleza wakati mlango uliposukumwa. Akaingia, na mkanda wake wa mgongo begani.

Mama mmoja wa kwaya akaachia thermosi. Melchior aliruka barazani, akafunga mlango wa kioo na kukaa kwenye sofa yetu huko nje, analitazama kupitia kioo lile alilodhani ni pepo la mume wangu. Clovis hakumwona hata mmoja wao. Aliona mama yake chini, kichwa wazi. Aliniona mimi nimefungwa kitenge. Akaelewa kwamba kuna aliyekufa, na kwamba ni wa karibu, na hakuuliza ni nani.

Akaanguka. Mzima mzima, bila kukagua sakafu, bila kujishusha. Jengo lilitikisika. Sijawahi kuona mtu akianguka vizuri namna ile, si kwenye sinema wala wapi, na kwa muda mfupi sana, Mungu anisamehe, nilitamani Filip angekuwepo.

Mama Perpétue akamtambalia. Akamshika uso, akampiga kofi, akambusu, akampiga lingine. Akamnusa. Akamwambia, "Ni weye?" Clovis, akilia bado, akajibu kwamba ni yeye, na akauliza nani amekufa. Bibi wa ghorofa ya pili aligonga ukuta.

Kisha Mama akasimama. Akafunga kilemba chake upya, polepole, na chumba kizima kikamngoja. Akauliza nani alituma ile picha. Nikanyoosha mkono kama shuleni.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Nikamkaribisha chakula, kwa sauti iliyokuwa imebaki. Akasema, "Nilikuja kulia, sikuja kula. Nyumba hii mimi sijaiingia." Akauweka ufunguo wa akiba juu ya jiko, akavaa viatu vyake.

Wote wakaondoka na viti vyao. Clovis alikula maharage ya matanga yake mwenyewe, akarudisha sofa peke yake, akalala uso ukutani.

Ijumaa, 17 Oktoba

Amezungumza. Ni afadhali ukuta.

Aliketi na mimi mezani baada ya kazi. Akasema shangazi yake wa Uvira alizimia, wakammwagia maji. Akasema alipomwona mama yake pale chini aliona njia yote waliyotembea walipokuwa wanakimbia, hatua kwa hatua, na hakutaka kuiona tena. Nilianza kusema kwamba nilifanya kwa mapenzi. Akasema anajua, na hilo ndilo linalomchosha.

"Chérie, mimi si piano," akasema. "Sihitaji kubebwa kupelekwa popote. Niko mahali pangu."

Nimelia mpaka kope zimeshikana. Nimemwahidi: sitafanya jambo lolote tena na uso wake. Nimeapa. Akanishika mkono, si kama zamani, lakini akaushika. Akasema anachotaka ni kimoja tu, mama yake ale katika nyumba hii. Basi. Hilo tu, Gaëlle.

Kesho naenda Tumba peke yangu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mama Perpétue alifungua mlango, akanitazama toka kichwani mpaka viatuni, akaniuliza leo nimekuja kumzika nani.

Niliomba msamaha mlangoni. Niliomba jikoni. Alinipa kisu na vitunguu. Nikakata, yeye akachemsha sombe, yale majani ya muhogo, na kwa sababu ya vitunguu haikujulikana nani analia kwa sababu gani. Baada ya muda mrefu akasema kwamba nilipoingia siku ile nikicheka, alidhani nimerukwa na akili kwa uchungu. Halafu akakumbuka kwamba ndivyo nilivyo kila siku. Sijui kama ni pongezi. Nimeichukua.

Kisha akauliza, bila kunitazama, kama nimeona ile video. Kumbe Léontine alikuwa amerekodi kilio ili ndugu wa Uvira washiriki, na huko hawajaifuta. Mtaa mzima wa dada yake unaitazama. Wanasema hakuna mwanamke aliye hai anayelia kama Perpétue. Alisema hayo kwa hasira. Akasema ni aibu kubwa. Akaniomba nimwonyeshe.

Nikamwonyesha. Akaniomba tena. Mara hiyo akavaa miwani. Akasema Léontine hajui kushika simu, amemkata kilemba, na upande ule si upande wake mzuri.

Mimi sikuwa nasikia tena. Nilikuwa natazama. Ile sauti. Yale mabega, sasa nimejua Clovis ameyatoa wapi. Ule mkono unavyopanda taratibu, ukasimama hewani, ukashuka. Mlinzi wa adui amekufa juu ya marumaru. Na mlinzi wa adui, kama mtu mwingine yeyote, ana mama.

Kwenye basi la kurudi nilimtumia Filip. Sijavunja ahadi. Uso wa Clovis haumo kwenye video, unaonekana mguu tu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Siku nzuri kuliko zote, nianzie wapi.

Clovis kwanza. Max Sixten hakusahau ile mikono. Alimtafuta kupitia Filip, si kwa filamu, ila kwa piano ya mama yake, ambaye bado anaishi Akalla na anahamia nyumba isiyo na ngazi. Clovis aliibeba leo. Bibi yule akampa kahawa na vitumbua vya mdalasini, akamwuliza kama anaijua kazi ya mwanawe. Clovis akasema anaijua. Bibi akasema anamwombea apate siku moja kazi ya kueleweka, kama hii ya piano. Clovis ameniambia hadithi hiyo huku anacheka, ameegemeza kichwa begani kwangu, pale pale pake. Wali umeungua. Tumerudi.

Pili, Filip amejibu. Mwongozaji ameitazama video na ameuliza swali moja tu: mwigizaji huyu ni nani. Kuna sehemu ya mazishi. Anataka kumwona kwa macho yake kabla ya kuamua.

Tatu, na kubwa kuliko zote, saa moja iliyopita simu imelia na ni yeye. Mama Perpétue. Amesema niache kununua samaki wa barafu, atakuja na wake. Amesema nisiwashe jiko kabla hajafika, na Léontine asikaribie hata lifti. Clovis alikuwa anasikiliza. Akaenda dirishani akasimama akinipa mgongo, nikajua analia.

Kwa hiyo nimepanga vizuri, safari hii bila haraka. Filip na mwongozaji watafika mapema na kukaa chumba cha kulala, kimya, mlango wazi kidogo. Mama atakula kwa raha. Akishasema jiko linawaka, nitataja njia waliyotembea wakati wa vita, kidogo tu, na atalia mwenyewe. Clovis sitamwambia bado. Ana furaha sana, sitaki kumvuruga.

Na umaarufu wake nimeshauandaa. Nilimpiga picha Tumba akiwa na miwani, upande wake mzuri. Nimeondoa rangi. Nimeandika jina kwa herufi za kupinda. Mshumaa nimeweka mmoja tu, nimejifunza. Nitaituma kwenye makundi yote asubuhi ya siku hiyo hiyo, kabla hajatoka kwake.

Siku yenyewe hajaitaja. Amesema tu, na nilimsikia akitabasamu, tumngoje: kabla mwezi haujaisha atakuja.